Barua Zilizodai Watoto: Askari Weusi na Familia Zao katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861 na kwisha 1865, vimetuachia marundo ya barua ambayo wanahistoria bado wanayachambua hadi leo. Askari weupe wa Kaskazini waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama tisa katika kila kumi, na wale wa Kusini walizidi wanane. Jeshi halikuwa na utaratibu wa kuzikagua barua zao, kwa hiyo waliandika waliyotaka kuandika. Kaskazini stempu ya barua ya kawaida ilikuwa senti 3, na kuanzia 1861 askari aliyeikosa aliruhusiwa kutuma barua hivyo hivyo, mpokeaji akailipia alipoichukua. Mwanahistoria James McPherson, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu kilichowafanya watu hao wapigane, alipitia barua zaidi ya 25,000. Nyingi ya barua hizo zilihifadhiwa nyumbani. Mama au mke aliziweka sandukuni, watoto wakazirithi, na siku moja mjukuu akazikabidhi kwa maktaba.

Askari weusi waliopigania Kaskazini hawakuwa wachache. Waliingia jeshini kiasi cha 179,000, mbali na maelfu ya mabaharia, na karibu 40,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Wao pia waliandika na kuandikiwa. Lakini anayezitafuta barua zao hazikuti kwa wingi katika masanduku ya familia. Anazikuta katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ndani ya majalada ya malalamiko, ya upelelezi na ya pensheni, zikiwa zimegongwa mihuri ya ofisi ambako mwandishi hakukusudia zifike. Hoja yangu inaanzia hapo. Mahali barua ilipotunzwa panatuonyesha kazi iliyofanya. Barua ya askari mweupe iliitunza familia ambayo sheria ilikuwa imekwisha kuitambua, wakati ile ya askari aliyetoka utumwani ilikuwa dai la kwamba familia yake ipo, na dai hilo lilipelekwa mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kulikataa. Wengi walilikataa. Hata hivyo liliandikwa tena na tena mpaka likaingia katika sheria za nchi.

Mtumwa wa Marekani hakuwa na ndoa mbele ya sheria. Wawili waliokubaliana na kuishi pamoja miaka 20 walibaki watu wawili wasiohusiana, na mmoja aliweza kuuzwa mbali asubuhi yoyote. Mtoto alifuata hali ya mama yake, kwa hiyo alikuwa mali ya mmiliki wa mama, na baba hakuwa na haki hata ya kuulizwa. Katika jimbo la Missouri sheria ya 1847 ilipiga marufuku kumfundisha mtu mweusi kusoma na kuandika. Tangazo la uhuru la Rais Lincoln, la tarehe 1 Januari 1863, halikuyagusa majimbo ya Missouri, Kentucky, Maryland na Delaware, yaliyokuwa na watumwa lakini yamebaki upande wa Kaskazini. Serikali ilipoanza kuandikisha wanaume weusi katika majimbo hayo, ilizaa hali ambayo ni vigumu kuiamini mtu asipoisoma katika nyaraka zenyewe. Mwanaume alivaa sare akawa huru siku hiyo hiyo, na mkewe na watoto wakabaki watumwa kwa mtu aliyekula kiapo cha utiifu kwa serikali ile ile iliyomvisha sare. Sheria ya Julai 1862 iliahidi uhuru kwa mama, mke na watoto wa askari, lakini pale tu mmiliki wao alipokuwa mwasi. Mmiliki mtiifu alilindwa. Adui wa familia ya askari huyu hakuwa ng'ambo ya mstari wa vita, alikuwa nyuma yake, upande wake mwenyewe.

Barua ilisafiri katika hali hiyo. Vijijini posta haikupeleka barua mlangoni. Mtu aliifuata mwenyewe mjini. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kwenda mjini apendavyo, na mara nyingi hakujua kusoma, kwa hiyo barua aliyoandikiwa ilipita mkononi mwa bwana wake au mkononi mwa jirani wa bwana wake. Fedha zilipita njia hiyo hiyo. Askari mweusi aliahidiwa dola 10 kwa mwezi, akakatwa 3 za mavazi, huku mweupe wa cheo kile kile akipata 13. Mpaka Bunge lilipoamua kusawazisha mishahara Juni 1864, zile dola 7, zilipolipwa, ndizo alizokuwa nazo baba wa kutuma nyumbani. Mwanamke mmoja wa mji wa Paris, Missouri, alimwandikia mumewe Januari 1864 kwa mkono wa mtu mwingine. Alimwambia kwamba anateswa zaidi kila siku, kwamba mtoto wao anamlilia baba, na kwamba asipitishe tena barua wala fedha kwa bwana wake, bali kwa yule mwandishi aliyemsaidia. Mwingine, wa mji wa Mexico katika jimbo hilo hilo, alikuwa ameandika mwishoni mwa Desemba 1863 kwa uchungu uliochanganyika na lawama. Tangu mumewe aondoke, alisema, mabwana wamemgeuzia yeye hasira zao, na hakupaswa kumwacha katika hali ile na watoto wasio na wa kuwatunza.

Tunazisoma barua hizo mbili leo kwa sababu waume hawakuzikunja mfukoni wakanyamaza. Waliwaonyesha makamanda wao, na makamanda wakazituma juu, kuthibitisha kwamba wake za askari wanapigwa na kuuzwa kwa kosa la waume zao kujiunga na jeshi. Malalamiko ya mke kwa mumewe, kitu cha faragha kabisa, yakawa ushahidi wa kiserikali. Sidhani askari aliyemkabidhi kapteni barua ya mkewe alifanya hivyo kwa wepesi. Barua ya aina ile inamwaibisha mwanaume, inamwambia kwamba ameshindwa kulinda nyumba yake. Kuitoa mbele ya wazungu waliozoea kusema kwamba watu weusi hawana mapenzi ya ndoa kulikuwa kuwalazimisha waone kilichoandikwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Spotswood Rice. Alikuwa mtumwa katika mashamba ya tumbaku ya wilaya ya Howard, Missouri, akaingia jeshini mapema 1864, na Septemba mwaka huo alikuwa amelazwa katika hospitali ya kambi ya Benton Barracks, St. Louis. Tarehe 3 Septemba aliandika barua mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa binti zake wawili, waliokuwa bado watumwa karibu na mji wa Glasgow. Aliwatuliza, akawaambia wasiwe na shaka, atawapata hata kama itamgharimu maisha, na kwamba askari 800 weupe na 800 weusi wanatarajiwa kupanda mto hadi Glasgow mwezi ule ule, naye atakuwa miongoni mwao. Ya pili ilikwenda kwa mwanamke aliyemmiliki mmoja wa mabinti hao, Mary. Mwanamke huyo alikuwa amemtuhumu kutaka kumwiba mtoto. Rice alijibu kwamba mtoto ni wake kwa haki aliyopewa na Mungu, na kwamba akija atakuwa na nguvu na mamlaka ya kumchukua. Kisha akaandika jambo ambalo mimi nimelirudia mara nyingi. Aliwahi kumtolea mwanamke huyo dola 40 kumnunua mtoto wake mwenyewe, na sasa anashukuru kwamba hakuzipokea.

Dola 40 hizo zinaeleza mabadiliko yote yaliyokuwa yakitokea. Mtu anayelipa bei anakubali kwamba kuna muuzaji. Rice alikuwa amekubali hivyo zamani, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuwa baba, na kwa kufurahi kwamba fedha zilikataliwa anajitoa katika sheria ile ya zamani akiwa na kalamu mkononi. Haombi wala hajadili bei, anatoa taarifa. Na kilichofuata kinathibitisha kwamba walengwa waliielewa hivyo. Kaka wa mwanamke yule alikuwa ndiye mkuu wa posta wa Glasgow. Alimpelekea barua zote mbili Jenerali Rosecrans, kamanda wa jeshi huko Missouri, akajieleza kuwa yeye na dada yake ni watiifu kwa serikali, na akaomba mwandishi huyo aondolewe jimboni kwa kuwatukana. Mtu wa posta, ambaye kazi yake ilikuwa kufikisha barua kwa wenyewe, ndiye aliyezifikisha mahali pengine, na kwa njia hiyo akazihifadhi kwa ajili yetu. Barua ya baba kwa binti zake imebaki kwa sababu ilihesabiwa kuwa kosa. Kuhusu Rice mwenyewe, vita vilipokwisha alikuwa na familia yake St. Louis, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa la African Methodist Episcopal.

Wapo watakaosema kwamba ninaipa barua uzito usiostahili, kwa kuwa wengi wa askari hao hawakujua kuandika. Ni kweli, na ni pingamizi la haki. Barua nyingi ziliandikwa na ofisa, na mchungaji wa kikosi, na mwalimu, au na mwenzao aliyejua herufi, na kila mkono wa kati unaacha alama yake katika maneno. Lakini mtu anayemwambia karani aandike bado anachagua atakalolisema na atakalolinyamazia, na katika jambo la familia anasema mbele ya shahidi. Jamii nyingi zimeishi kwa barua za kuandikiwa bila kutilia shaka kwamba ni za mwenye kuzitoa. Aidha askari hawa hawakuridhika kubaki mikononi mwa makarani. Kanali Thomas Wentworth Higginson, aliyeongoza kikosi cha watu waliotoka utumwani South Carolina, aliandika jinsi wanaume wake walivyovipenda vitabu vya kujifunza herufi kambini, na Susie King Taylor, aliyekuwa mtumwa Georgia, aliwafundisha askari wa kikosi hicho huku akiwafulia na kuwauguza. Askari wa vikosi viwili vilivyoandikishwa Missouri, cha 62 na cha 65, walichanga kutoka mishahara yao midogo fedha za kuanzisha shule kwa ajili ya watu wao, na 1866 shule hiyo ikafunguliwa Jefferson City. Leo ni Chuo Kikuu cha Lincoln. Walitoka katika jimbo ambalo kuwafundisha kulikuwa jinai.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi uliandikwa kwa njia hiyo ya mkono wa kati, na mwenyewe aliutia alama tu badala ya saini. Ulitoka Camp Nelson, Kentucky, kambi kubwa ya kuandikisha askari weusi. Wanaume walifika na wake na watoto wao, kwa sababu mabwana waliwafukuza au waliwatesa baada ya waume kuondoka, na familia zikajenga vibanda kandokando ya kambi. Mwishoni mwa Novemba 1864, katika baridi kali, kamanda Speed Fry aliamuru waondolewe. Wanawake na watoto wapatao 400 walipakiwa katika magari ya kukokotwa wakatolewa nje ya mistari ya jeshi, na vibanda vyao vikabomolewa. Tarehe 26 Novemba askari mmoja alitoa maelezo yake chini ya kiapo. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka 7, alikuwa mgonjwa. Alimwambia mlinzi aliyefika na gari kwamba mtoto akitolewa katika baridi ile atakufa. Mlinzi alijibu kwamba wasipopanda atawapiga risasi. Usiku askari aliifuata familia yake kwa miguu, maili kama 6, hadi Nicholasville, akaikuta katika nyumba ya ibada, inatetemeka na ina njaa, na mtoto amekwisha kufa. Akarudi kambini usiku ule ule kwa sababu ilimlazimu. Kesho yake alikwenda tena, akachimba kaburi mwenyewe, akamzika mwanawe, akarudi kazini.

Katika maelezo hayo hakuna neno la kulia. Yana umbali, saa, amri iliyotolewa na nani aliyeitoa, na jambo ambalo kwa jicho langu ndilo zito: kwamba alipoingia jeshini, aliambiwa aiweke familia yake katika hema ndani ya kambi. Ni lugha ya mtu anayedai mkataba utimizwe. Gazeti la New York Tribune lilichapisha habari za kufukuzwa huko kabla mwezi haujaisha, amri ikatenguliwa, na familia zikarudishwa kambini na kujengewa nyumba. Kwa wengi ilikuwa kuchelewa. Kati ya wale 400, walikufa 102. Askari aliyetoa maelezo yale, pamoja na mkewe na watoto wake waliobaki, hakumaliza Januari 1865.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Tarehe 3 Machi 1865 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuwapa uhuru wake na watoto wa askari wote weusi, bila kujali mmiliki ni mtiifu au mwasi. Anayepinga hoja yangu atasema kwamba Bunge halikuongozwa na barua wala maelezo ya kiapo, liliongozwa na haja ya askari. Jeshi lilitaka watu, na Kentucky ilikuwa nao. Sikatai kwamba haja hiyo ilikuwepo. Jenerali John Palmer, kamanda wa Kentucky, alilitumia azimio hilo mara moja kuwaita wanaume waandikishwe ili wake zao wawe huru, na jimbo hilo lilitoa askari weusi karibu 24,000. Lakini haja ya askari inaeleza kwa nini serikali ilitaka kununua. Haielezi ni nani aliyeipanga bei. Serikali ilikuwa imejaribu kuwapata wanaume kwa mshahara, kwa uhuru wao binafsi, na mahali pengine kwa nguvu. Kwamba kilichotakiwa hasa ni usalama wa mke na mtoto, ililijua hilo kutoka kwa maofisa waandikishaji, na maofisa walilijua kutoka kwa wanaume waliosita kwa sababu wamesikia yaliyowapata wake za wenzao. Habari hizo zilipita kwa mdomo na kwa barua. Mtu akiziondoa barua, maslahi ya serikali yanabaki bila anuani.

Jambo kama hilo lilitokea katika pensheni, na huko hata Rais alihusika moja kwa moja. Aprili 1864 jeshi la Kusini liliteka ngome ya Fort Pillow, Tennessee, na kuwaua askari weusi wengi waliokwisha kusalimu amri. Meja Lionel Booth, mzungu aliyekuwa kamanda wa ngome, aliuawa pia. Mjane wake, Mary Booth, alimwona Lincoln na kumweleza kwamba yeye atapata pensheni ya mumewe, ila wajane wa askari weusi waliokufa pamoja naye hawatapata kitu, kwa sababu kisheria hawakuolewa. Tarehe 19 Mei Lincoln alimwandikia Seneta Charles Sumner akipendekeza wajane na watoto hao watendewe kana kwamba ndoa zao zilikuwa halali. Sheria ya tarehe 4 Julai 1864 ikakubali kwamba watu waliotambuana kuwa mume na mke, na kuishi hivyo kwa miaka isiyopungua miwili kabla ya askari kuandikishwa, watahesabiwa kuwa wanandoa, mashahidi wa kuaminika wakithibitisha. Ilikuwa na kasoro kubwa, maana ilitaka mjane na watoto wawe watu huru tayari. Hata hivyo kwa mara ya kwanza serikali kuu ilisema kwamba ndoa ya watu waliokuwa mali inaweza kuthibitishwa na maisha waliyoishi.

Tangu hapo kikaratasi chochote chenye jina la mke au mtoto kilikuwa na thamani mpya. Wajane na wazazi walipoomba pensheni waliambatanisha barua walizokuwa nazo, na wakati mwingine barua ya mwisho ya marehemu ilibaki katika jalada, haikurudi tena kwa mwenyewe. Majalada hayo yana pia mambo yasiyopendeza: wanawake wawili wanaodai mume mmoja, wanaume walioanza maisha mapya na kuwaacha wa zamani, watoto waliokanwa. Wapo wanaoyatumia mambo hayo kusema kwamba picha ya askari anayeipigania familia yake ni ya kupambwa. Mimi nayaona kwa namna nyingine. Watu waliouzwa na kutenganishwa kwa nguvu walikuwa na sababu ya kuwa na ndoa mbili ambazo hakuna mtu huru aliyekuwa nazo, na wanawake wawili wanaogombea haki ya mjane mbele ya ofisa wanagombea kitu ambacho miaka michache nyuma hakikuwepo kwa yeyote kati yao.

Palipo na udhaifu wa kweli katika ushindi huu ni kwingine. Familia iliyothibitishwa mbele ya serikali ilikuwa pia familia iliyokaguliwa na serikali. Idara ya Pensheni ilituma wapelelezi vijijini kuwahoji wajane na majirani zao, na sheria ya Agosti 1882 ikaruhusu mjane anyimwe pensheni akionekana kuishi na mwanaume bila ndoa. Sheria hiyo iliwahusu wajane wa rangi zote, lakini ilimbana zaidi mwanamke ambaye ndoa yake ya kwanza ilisimama juu ya maneno ya mashahidi tangu mwanzo. Majirani waliowahi kuapa kwamba walimwona akiishi na mumewe kabla ya vita waliweza sasa kuulizwa, na ofisa wa idara ile ile, ni mwanaume gani anayeonekana kwake siku hizi.